Kutua kwenye tuta la Mambrui: uache huo uwanja wa nyuma

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Narusha glaida ya rimoti, ya povu la EPP, bawa tupu lisilo na mkia, mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, uzito kama gramu 600. Narushia kwenye matuta ya mchanga ng'ambo ya Sabaki, upande wa Mambrui, msimu wa kusi. Angani sina shida, shida ni kutua. Nyuma ya kilele, chini kidogo, pana kijiuwanja cha mchanga safi, ukubwa wa uwanja wa voliboli hivi. Nyuma yake kuna mivinje, kushoto vichaka vya miiba, na mbele kule chini ni ufuo na watu wake. Nikiizungusha ndege nyuma ili itue hapo ikielekea baharini, mara inaanguka ghafla kama tiara iliyokatika uzi, mara haitaki kushuka kabisa, inanipita kichwani na kurudi baharini. Nimeshavunja sevo (kile kimota kidogo kinachosogeza vibao vya kuongozea) na kupasua bawa. Wenzangu wanasema dawa ni kununua glaida ya mita 2 yenye flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshuka kama breki. Pia shemeji yangu yuko Lamu, natamani kurusha Shela nikienda kwake. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa sevo.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, nikwambie wazi: ndege yako haina kasoro, na mikono yako haina kasoro kubwa. Kasoro ni ya huo uwanja. Umeuchagua kwa jicho la mtu anayekwenda kwa miguu. Umeona mchanga safi, uko sawa, hauna jiwe wala mwiba, ukasema hapa ndipo. Lakini ndege hufika kwenye hewa kabla ya kufika kwenye mchanga, na hewa ya hapo ndiyo mbovu kuliko ya tuta zima. Tena huko kuanguka ghafla na huko kukataa kushuka, unavyovieleza kama mambo mawili, vinatoka mahali pamoja. Ni ukingo ule ule wa tuta unaokufanyia yote mawili.

Fuatilia upepo wenyewe. Kusi inakuja kutoka baharini, inakuta uso wa tuta, haina njia ila kupanda. Ikifika ukingoni inakuwa imebanwa, kwa hiyo inakimbia kuliko ilivyokuwa ufuoni. Simama pale alasiri moja ya Julai uone kama kofia itakaa kichwani. Hewa hiyo inayopanda na kukimbia ndiyo inayoibeba ndege yako unapoirudisha kutoka nyuma: pua imeelekea baharini, umeshapunguza mwendo wote, na bado inaelea tu juu yako mpaka inatoka nje tena.

Sasa rudi hatua chache nyuma ya ukingo. Mgongo wa tuta umekatika kwa mteremko mkali, maana mchanga mkavu uliomwagwa na upepo hulala kwa nyuzi 30 na kitu, wakati uso unaotazama upepo mara nyingi ni wa taratibu zaidi. Upepo uliopanda kwa kasi hauwezi kuikunja kona hiyo. Unaruka moja kwa moja, na chini yake linabaki pengo lililojaa hewa inayojiviringisha. Ni kisulisuli, ila hiki hakisimami wima. Kimelala ubavu nyuma ya tuta kwa urefu wake wote. Juu yake hewa inakwenda bara. Upande wake wa nyuma inashuka. Na chini, karibu na mchanga wa uwanja wako, inarudi baharini.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kwamba bawa lako linahitaji kupita kwenye hewa kwa mita 8 kwa sekunde ili libebe uzito wake kwa raha. Juu, upepo wa mbele ni mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini inakwenda pole pole, mita 3 tu. Umefurahi, unaishusha. Inapozama ndani ya kisulisuli, upepo haupo mbele tena. Sasa unatoka nyuma, tuseme mita 1. Ndege bado inakwenda mita 3 juu ya mchanga, lakini hewa inayopita kwenye bawa imebaki ya mita 2. Bawa linaachia papo hapo, yaani haliibebi ndege tena. Ukiwa na mita mbili za urefu chini yako, hakuna kidole kitakachoiokoa, hata cha bingwa. Na flapu za glaida kubwa zisingekusaidia pale. Zingekuongezea tu gharama ya mabaki.

Usiniamini kwa maneno. Nenda siku ya upepo bila ndege, uchukue kijiti cha urefu wa kifua na utepe mwepesi wa nailoni, ule wa kufungia maboksi ya zawadi. Kichomeke ukingoni. Utepe utanyooka kuelekea bara, ukitetemeka lakini haupindi. Kirudishe nyuma hatua tatu, usubiri, usikimbilie kuhama. Utauona unapanda, unashuka, unajizungusha kwenye kijiti. Hatua nyingine tano, utepe unalegea kabisa, unaning'inia, halafu bila haraka unaanza kuelekea baharini huku mivinje iliyo juu yako ikipigwa kuelekea bara. Hapo umesimama tumboni mwa kisulisuli. Endelea kurudi nyuma mpaka utepe utulie tena kuelekea bara, na uweke alama. Kwa matuta ya kimo cha nyumba ya ghorofa mbili au tatu, mara nyingi utakuta alama hiyo imeangukia kwenye mivinje yenyewe, yaani uwanja wako wote umemezwa. Asiye na utepe awashe kipande cha kumbi la nazi kilichokauka, kwenye mchanga mtupu na maji pembeni, atazame moshi. Moshi unaonyesha vizuri zaidi, ila ukikutana na upepo wa Agosti unatawanyika kabla hujasoma chochote.

Basi utue wapi? Utue mbele. Kwenye uso wa tuta, upande wa joshini, pale pale unapotoka upepo unaokubeba. Najua utasema pamelala mshazari, kuna majani yanayotambaa, hapapendezi. Ni kweli hapapendezi. Lakini hewa yake ni safi kutoka baharini bila kuguswa na kitu, mchanga wake ni laini, na ndege ya povu la EPP ya gramu 600 haijali kulala mshazari. Inachojali ni kasi inayogongea.

Na kuhusu kasi, tuchukue ndege hiyo hiyo ya mita 8, inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Upite juu ya kichaka cha mita 2, halafu utue. Hewa ikiwa imetulia utahitaji mita 20 kutoka kichakani hadi kugusa chini. Ukiwa na upepo wa mita 5 usoni, mita saba na nusu zinatosha. Ukiwa na upepo huo huo mgongoni, ni mita 32 na zaidi, na utagusa chini ukiwa na mita 13 kwa sekunde badala ya 3. Nguvu ya kugonga haiongezeki sambamba na kasi, inaongezeka kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kati ya kutua ukiukabili upepo na kutua ukiwa umeupa mgongo, kishindo kinazidi karibu mara 19. Ndiyo maana nasema pafinyu hapapimwi kwa hatua za miguu peke yake. Mahali pa mita nane palipo usoni mwa upepo ni papana kuliko uwanja wa mita thelathini ulio nyuma.

Jinsi ya kuifikisha pale ndiyo kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Anza nje, juu ya ufuo, mbali na uso wa tuta ambako hewa ya kupanda imepungua. Punguza urefu hapo hapo kwa kukata kona za kushoto na kulia, na kila kona igeukie baharini, kamwe isigeukie tuta. Wengi hupunguza urefu juu ya tuta, yaani wanashindana na kile kile kinachowabeba. Ndege ikishuka kufikia usawa wa macho yako au chini kidogo, ilete sambamba na tuta, pua ikiwa imeelekea baharini kidogo ili upepo usiisukume ndani. Ikitazamwa kutoka ulipo itakuwa inakwenda upande upande kama kaa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Chagua mwisho mmoja wa tuta, pale linapoanza kushuka kimo, kwa sababu hapo mbebeko, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, ni dhaifu. Katikati ya tuta hutatua, utaelea mpaka betri iishe.

Pita mara ya kwanza kwa mbali, kama mita nne kutoka usoni, kwa ajili ya kutazama tu. Pita mara ya pili karibu zaidi. Ya tatu ndiyo ya kutua, na uamuzi uwe umeshaufanya kabla ya kugeuza. Elevoni, vile vibao vya kuongozea nyuma ya bawa, zivute juu kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Bawa lako halina flapu, breki yake ni kuinua pua na kulipunguzia mwendo mpaka lizame. Liache lizame. Ikifika kimo cha goti juu ya mchanga, laza bawa la upande wa bahari kidogo tu. Hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mabawa yanalala sambamba na mshazari wa tuta, kwa hiyo ncha ya upande wa juu haichomi mchanga kwanza, na pua inageuka kuukabili upepo, kwa hiyo kasi juu ya ardhi inakatika. Ukingo wa nyuma wa bawa unagusa, ndege inakaa. Ukiona bado iko kifuani na mwendo haujapungua, usilazimishe. Sukuma pua chini kuelekea baharini, toka, anza upya. Ndege yako haina injini lakini tuta ndiyo injini yake, na ukiwa mbele ya tuta mlango wa kutokea uko wazi muda wote. Nyuma ya tuta ukishazama, mlango huo umefungwa. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kuuacha uwanja wako.

Iko njia ya pili ya usoni, ya kupandisha. Unaitoa ndege mbali mbele, unaishusha chini ya usawa wako, halafu unaielekeza tutani na kuifuatisha mteremko kwenda juu, mwendo unaliwa na mpando mpaka inakaa karibu na miguu yako. Inapendeza sana kwa watazamaji. Kwa hesabu tupu, kasi ya mita 10 kwa sekunde huliwa na mpando wa mita 5 hivi, na mita 13 inataka karibu mita 9. Sasa kumbuka unaifanya upepo ukiwa mgongoni. Siku ya matlai, upepo ukiwa mwororo, ifanye. Siku ambayo bahari nzima imejaa povu jeupe, tuta lako halina kimo cha kula mwendo wote huo, na ndege itaishia kwenye uwanja ule ule tuliokwisha kuukataa, safari hii kwa kishindo.

Kipimo cha povu jeupe ni kizuri, kitumie. Mawimbi yakianza kupasuka hapa na pale, upepo uko kwenye mita 4 au 5 kwa sekunde. Yakipasuka kila mahali, umepita 8. Kwa bawa la gramu 600, kati ya hapo ndipo pa kujifunzia kutua. Chini yake mbebeko hautoshi, juu yake ndege haipigi hatua mbele. Asubuhi mapema mara nyingi umande wa bara bado unapigana na upepo wa bahari, usipoteze muda wako.

Lipo jambo la macho pia, ambalo kwa pwani yetu lina uzito kuliko vitabu vinavyoandikiwa Wazungu. Bahari yetu iko mashariki. Unarusha alasiri, kwa sababu ndipo upepo unapokolea. Ukiizungusha ndege nyuma yako unageuka magharibi, jua la saa kumi liko usoni, na ndege ni kivuli cheusi juu ya mivinje myeusi. Huoni kama inakuja au inakwenda. Juu ya hayo, ikiwa inakuja kwako, kushoto na kulia vimebadilishana. Anayetua mbele ya tuta jua liko mgongoni mwake muda wote, ndege imeangazwa mpaka unaona stika zake. Ikitokea imekuja kukukabili na umechanganyikiwa, usifikiri kushoto ni wapi: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unalitegemeza lisianguke. Litainuka.

Na usipime mwendo kwa mchanga. Ndege ikiwa na upepo nyuma huonekana inakimbia mno, mkono wenyewe unavuta pua juu ili kuituliza, bawa linaachia. Ikiukabili upepo huonekana imesimama, unasukuma bila sababu. Sikiliza. Bawa la povu lina mvumo, na mvumo huo hufuata hewa, haufuati ardhi. Mvumo ukinyamaza, bawa halina mwendo.

Karibu na chini kuna mtego mmoja zaidi ufuoni. Upepo wa mita 6 juu ya kichwa chako unaweza kuwa wa mita 3 kwenye kifundo cha mguu, kwa kuwa ardhi inaukwamisha. Ndege inayoteremka kwenye hewa hiyo inapoteza mita 3 za mwendo bila wewe kugusa chochote. Kwa hiyo unapotua kwenye tambarare ingia na mwendo wa ziada, uumalizie chini kabisa. Usoni mwa tuta, karibu na ukingo, tatizo hilo ni dogo. Nayo ni sababu nyingine.

Ufuo basi ndio pa dharura: sevo ikigoma, betri ikilegea, mtoto akiingia kwenye njia yako ya kutua. Uamue kabla hujarusha kwamba ukishindwa utatoka baharini kisha utageuka na kutua kule chini, sambamba na maji, pua ikiegemea upepo. Lakini tazama maji. Kwetu wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ufuo ulioupimia saa nane unaweza kuwa haupo saa kumi na moja. Panga siku ambazo maji yanatoka alasiri. Utapata mchanga mgumu mpana ambao hata mimi ningetua juu yake mchana kutwa. Maji yakiwa yamejaa, usirushe, maana huna pa dharura, una bahari tu. Wavuvi wakiwa wanatandaza au kukunja nyavu, subiri wamalize, wao ndio wenye kazi pale. Na ukiona sehemu ya ufuo imewekewa vijiti kulinda mayai ya kasa, ihesabu kuwa si ardhi.

Kuhusu kudaka kwa mkono: ndege yako ya gramu 600 ikiwa inakuja taratibu ikiukabili upepo, mwenye uzoefu anaweza. Wewe bado. Na asikudakie mtu mwingine kamwe, hasa vijana wanaojitolea kwa furaha. Hawajui bawa linaweza kuachia hatua moja mbele ya uso wao.

Shela sasa. Matuta yake ni makubwa na uso wake unatazama kusi vizuri, utapenda. Lakini mambo matatu. Kwanza, uwanja wa ndege wa Lamu uko Manda, ng'ambo tu ya mkondo kutoka Shela, na ndege za abiria hupita chini wakati wa kutua na kuruka. Vifaa visivyo na rubani ndani viko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Waulize kwanza kuhusu mahali penyewe, upate na jibu la maandishi. Malindi nako uwanja wa ndege uko karibu na mji, kwa hiyo hata kwako Mambrui swali hilo ni la lazima. Pili, chini ya matuta ya Shela ndiko yaliko maji matamu yanayonywesha mji wa Lamu, na wenyeji wanayalinda. Pita njia zilizokwisha kukanyagwa, usibomoe ukingo wala usikate majani ili ujitengenezee pa kutulia. Tatu, Lamu kitu kinachoruka na kuendeshwa kwa rimoti kinashtua watu, na wana sababu zao. Shemeji yako akupeleke kwa chifu na kwa wazee wa Shela ukiwa na ndege mkononi, waione, waishike, wajue haina kamera. Nusu saa ya salamu itakuokolea siku nzima kituoni. Zaidi ya hayo, kutua kwake ni kule kule: usoni, mwisho wa tuta, na maji yakiwa yametoka.

Nikirudi kwenye mivinje yako, mti ulio nyuma ya tuta hausumbui hewa iliyo mbele. Ule ulio upande unakotoka upepo ndio wa kuogopwa, kwa kuwa safu ya miti ya mita 10 huvuruga hewa kwa mita 100 na zaidi baada yake. Kusi haiji moja kwa moja kutoka mashariki, inakuja na mshazari wa kusini, kwa hiyo ukichagua mwisho wa tuta wa kutua, tazama kuna nini kusini mwake. Kama upande wa kusini una mivinje, tumia mwisho wa kaskazini, mbali nayo. Ikiingia kaskazi, Desemba kwenda mbele, mambo yanageuka, na utepe wako ufanye kazi upya.

Sasa glaida ya mita 2. Nunua, ila si kwa sababu walizokupa. Flapu kweli ni breki nzuri kuliko zote: zikishuka nyuzi 60 hadi 80 huku eleroni, vibao vya karibu na ncha za bawa, zikipanda kidogo, ndege inateremka kwa pembe kali bila kuongeza mwendo, na mahali pafinyu panakuwa papana. Ziweke kwenye kijiti cha kushoto, kile ambacho wenye injini hutumia kwa mafuta, ili uzifungue kidogo kidogo. Swichi ya zima-washa haifai. Changanya na eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, kwenye rimoti, kwa sababu flapu zikishuka ndege nyingi huinua pua zenyewe. Jaribu mchanganyo huo ukiwa juu sana, si karibu na mchanga. Na ukishazifungua karibu na chini usizifunge ghafla kwa hofu, maana bawa linapoteza mbebeko na ndege inaporomoka mita moja au mbili kabla ya kukusanya mwendo.

Ndege hiyo haitaweza kulala mshazari kama bawa lako la povu. Ina mkia, ina kiuno chembamba, uzito wake unaweza kufika kilo 2. Pake pa kutulia ni ukanda wa juu wa ukingo wenyewe, zile hatua mbili tatu ambazo utepe wako ulinyooka. Unaingia kwa pembeni kutokea mwisho wa tuta, unapita sambamba na ukingo, pua imeegemea baharini, flapu zimefunguka, unamalizia hapo hapo juu. Ukanda wenyewe ni mwembamba, lakini unaufuata kwa urefu, na ukikosea unatokea mbele. Kama umeweka uzito wa ziada tumboni kwa ajili ya upepo mkali, kumbuka unatua nao: uzito ukizidi kwa asilimia 20, mwendo wa kutua unazidi kwa kama asilimia 10.

Wakati wa kuchagua, tazama sevo za flapu. Flapu iliyoshuka ndiyo inayogusa mchanga kwanza, na meno ya plastiki yanakatika mara ya kwanza. Dai za meno ya chuma, na ujizoeze kupandisha flapu ndege ikiwa kimo cha kiganja juu ya mchanga, si kabla. Kila ukitoka Mambrui puliza mchanga kwenye maungio kwa pampu ya mkono, kisha futa kila chuma kwa kitambaa chenye maji matamu, ukaushe, kwa maana chumvi ya kusi inakula waya wa sevo kutoka ndani na hutaiona mpaka siku eleveta itakapogoma. Hilo bawa la povu usiliuze. Utalihitaji kila unapofika kwenye tuta usilolijua, litangulie kutua kabla hujatoa ile ya mita 2 kwenye mfuko wake.